Darasa la laivu, WhatsApp, memori kadi au redio: mtoto asome na nini holide hii?

Kila termu ikikaribia kuisha simu yangu inaanza kujaa meseji za wazazi wenzangu, eti mama shule yenu nayo imewaletea ile karatasi ya masomo ya onlaini? mmelipa? mnatumia apu gani? Mi nina watoto watatu, mmoja P.3 (darasa la tatu la praimari), mmoja P.6 na huyu mkubwa S.3 (sekondari mwaka wa tatu), na tangu 2020 nimeshajaribu karibu kila kitu, basi nimeona bora niandike mara moja na kila atakayeuliza namtumia hii.

Mi ni mtoto wa Arua, baba alikuwa polisi kwahiyo Kiswahili tumekulia nacho kambini, saivi nakaa Nsambya hapa Kampala na nina kiduka cha unga, sukari, sabuni na mobile money. Hiyo ya mobile money ishike vizuri maana ndo iliyonifundisha mengi kuhusu masomo ya onlaini kuliko ticha yeyote.

Wote tunakumbuka ilivyoanza. Machi 2020 shule zimefungwa, tukaambiwa ni muda mfupi tu, Oktoba wakarudi kandideti, yaani wa madarasa ya mtihani, peke yao, Juni 2021 zikafungwa tena, na ilipofika tarehe 10 Januari 2022 ndo nchi nzima ikarudi darasani. Karibu miaka miwili, watoto kama milioni 15 wako nyumbani, hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule muda mrefu hivyo. Masomo yakawa yanatoka kwenye redio, kwenye TV, yakachapishwa hadi kwenye magazeti, na shule za kulipia nazo zikakimbilia Zoom na WhatsApp. Korona ikaisha lakini onlaini haikuondoka, sasa imekuwa kitu cha holide, na kwa wengine imekuwa shule kamili.

Sasa watu wakilinganisha wanalinganisha apu, Zoom na Google Meet ipi nzuri, hii ina rangi ile haina. Mi naona wanaanzia mwisho. Swali la kwanza ni hili, nyumbani kwenu kuna simu janja ngapi, na saa tatu asubuhi ziko mkononi mwa nani? Kwa sababu kuna somo linalokusubiri na kuna somo lisilokusubiri, na ukishajua nyumba yako inaweza lipi, nusu ya uamuzi umemaliza.

Ngoja nianze na lisilosubiri.

Darasa la laivu. 2021 kwenye ile lokdauni ya pili shule ya huyu mkubwa, alikuwa P.6 wakati huo, wakatuambia masomo laivu saa tatu hadi saa sita, Jumatatu mpaka Ijumaa. Simu janja nyumbani ilikuwa moja, yangu, na laini ya wakala iko humohumo. Nikaisimamisha juu ya gunia la sukari ikiegemea kopo la Blue Band, mtoto kakaa kwenye jerikeni, daftari magotini. Ticha kaanza sehemu, anajumlisha theluthi na robo, anafundisha vizuri kabisa wallahi, mara mteja huyo, mama nitolee elfu hamsini. Nimwachie mtoto simu nimkatalie mteja, au nimnyang'anye? Nikachukua simu nikamtolea, meseji ya kuthibitisha ikachelewa, mteja hataki kuondoka mpaka aione, narudisha simu pale ticha yuko swali la nne na mtoto wangu ameshafunga daftari, ananiangalia tu hasemi kitu. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Siku ya tatu akaanza kusema mwenyewe, mama chukua tu simu. Niliumia kuliko angelia.

Alafu kuna bando. Zoom ya darasa la watu wengi video ikiwa imewashwa inakula kama MB 800 kwa saa na inaweza kupita giga mbili picha ikiwa safi. Tuseme giga moja kwa saa, saa tatu kwa siku ni giga tatu, siku tano ni giga 15, wiki tatu za holide ni giga 45, mtoto mmoja. Sasa piga hesabu kwa bei ya bando unalonunua we mwenyewe na ujue humo ndani kuna kodi, ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 iliondolewa lakini Julai 2021 ikaja asilimia 12 kwenye data yenyewe, na VAT asilimia 18 iko palepale. Kuna watu wanasema mzime kamera mtoto. Inasaidia kidogo, ila video ya ticha bado inakuja kwako na hiyo ndo nzito. Ukibaki na sauti tupu inashuka mpaka MB 30 hivi kwa saa, lakini hesabu za ubaoni utazisikilizaje kwa masikio?

Na kuna mambo ambayo we na shule wote hamna uwezo nayo. Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya somo imeisha. Mtandao ukizimwa umezimwa, Januari 2021 wakati wa uchaguzi nchi nzima tulikaa siku kama tano bila intaneti, na aliyekuwa amelipia masomo ya wiki ile sijui alirudishiwa na nani. Mdogo wangu aliyeko Bwera pale mpakani ana shida yake nyingine, simu inarukia mtandao wa Congo bila kumwambia, ghafla mtoto katoka darasani na salio limeliwa. Kama unakaa mpakani ingia kwenye setingi, chagua mtandao wa Uganda kwa mkono na zima roming. Hii nimeipachika tu hapa, ila inaokoa hela.

Lakini sitaki kuisema laivu vibaya tu. Ina kitu ambacho zingine zote hazina, mtoto anauliza na anajibiwa papo hapo, na ticha anaona nani amepotea. Kwa watoto wa S.5 na S.6 wanaofanya hesabu na fizikia, kama mna Wi-Fi nyumbani na kompyuta au simu ya mtoto mwenyewe, chukua laivu usisite. Uliza tu mapema, darasani mko watoto wangapi? Wakikwambia sitini hiyo si laivu tena, hiyo ni TV yenye deni. Na uliza kama somo linarekodiwa na kutumwa baadaye. Hilo swali la mwisho ndo langu kubwa siku hizi.

Grupu la WhatsApp. Huku ticha anapiga picha maswali au anaandika ubaoni na kupiga picha, anatuma na voisi ya kueleza, mtoto anafanya kwenye daftari, unapiga picha unarudisha. Voisi ya dakika tano haifiki hata MB mbili, ukiweka na picha bado uko salama na bando la kawaida. Na zaidi ya yote inasubiri. Nafunga duka saa mbili usiku, nakaa na huyu wa P.6, tunafungua yaliyotumwa tangu asubuhi, tunasikiliza, tunarudia pale ambapo hakuelewa. Voisi haichoki kurudiwa, ticha akiwa laivu utamwambia arudie mara ngapi?

Shida zake zipo na ni nyingi. Grupu lina wazazi na watoto zaidi ya mia, kati ya swali la tatu na la nne kuna mtu kaweka maua ya habari za asubuhi, mwingine mchango wa msiba, mwingine anauza matoke. Ticha anajibu anapopata nafasi, saa nyingine usiku wa manane, na haki yake maana na yeye ana watoto na bando lake hanunuliwi na mtu. Na kunakili ndo usiseme. Mtoto mmoja akishatuma majibu yake grupuni wengine wote wamepona. Huyu wangu wa P.6 kuna siku kaniletea kazi ya sayansi safiii, mwandiko umenyooka, nikasema leo mwanangu kakua, kuja kuangalia juu ya karatasi kaandika jina la mtoto wa watu. Kanakili mpaka jina! Nilicheka kwanza ndo nikagomba. Tangu siku hiyo tulimwomba ticha kazi zitumwe kwake inboksi, grupu lifungwe awe anaandika yeye tu. Kama grupu lenu bado liko wazi, hicho ndo kitu cha kwanza cha kubadilisha, ni bure na ni dakika moja kwenye setingi za admini.

Na simu ikiwa ya kwako kuna PIN zako mle, kuna meseji zako, kuna picha zako. Mi mobile money nilihamishia laini nyingine kabisa kwenye katochi, kale kasimu kadogo ka batani.

Vilivyorekodiwa. Hapa naweka YouTube, video za kwenye memori kadi, na zile apu zinazofanya kazi bila intaneti. YouTube unajua ilivyo, ukiacha ijichagulie picha yenyewe inakunywa bando kama tipa inavyokunywa dizeli, lakini ukiishusha mwenyewe mpaka 144 au 240 maandishi yanakuwa na ukungu kidogo na saa nzima inatumia kama MB 100 mpaka 200. Pakua usiku au ukiwa mahali penye Wi-Fi, alafu mtoto aangalie bila kuwa hewani. Hilo la kutokuwa hewani ni muhimu, maana wangu alianza na usanisinuru, nikaenda kupima unga nikarudi, mtu yuko kwenye mieleka.

Kuna hii inaitwa Kolibri, ni programu ya bure iliyotengenezwa na watu wanaoitwa Learning Equality, na hapa Uganda ipo kwenye shule kadhaa. Masomo na mazoezi yanawekwa kwenye kompyuta moja au hata kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi, kinatoa Wi-Fi yake kisichounganishwa na intaneti yoyote, watoto wanaingia na simu au tableti wanasoma, wanafanya mazoezi, ticha anaona nani amefika wapi. Bando sifuri. Ipo na ya kuweka kwenye simu ya Android moja kwa moja. Sasa kama we ni mzazi uko kwenye kamati ya shule, badala ya kupigia kelele smati bodi za mamilioni, ulizia hii kwanza.

Ila chunga silabasi. Mengi yaliyomo kwenye Khan Academy na YouTube yametengenezwa kwa watoto wa Marekani au Uingereza, hesabu ni hesabu kweli lakini mpangilio si wetu, na SST (maarifa ya jamii) ya P.6 ya hapa kwetu huwezi kuikuta huko. PLE, mtihani wa kumaliza praimari, ni Kiingereza, hesabu, sayansi na SST, mbili za katikati utapata msaada mzuri, hiyo ya mwisho rudi kwenye kitabu na ticha. Maudhui ya silabasi yetu tafuta kwanza kwa NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, ndo wao wanaoitunga.

Redio. Wengi wa Kampala wataruka hapa, wasiruke. Dada yangu yuko kijijini huko Arua, umeme hana ana sola ya taa mbili, simu janja hana. Wakati wa lokdauni watoto wake wamesoma na redio. Redio haiombi bando, haishiki simu ya mama, na wanasikiliza wanne kwa mpigo hata na wa jirani. Shida ni kwamba nayo ni somo lisilosubiri, saa yake ikipita imepita, ukienda kisimani ndo basi, na ticha wa redio humuulizi kitu, anaenda mbio kama mtangazaji wa mpira. Dada alifanya ujanja, alinunua katochi yenye FM na sehemu ya memori kadi, akawa anarekodi kipindi, jioni wakishakula anawawekea tena anasimamisha kila swali wajibu kwanza. Umeona hapo? Kifaa cha bei ya chini kuliko vyote na ndo alifanikiwa kunizidi mimi na Zoom yangu.

Shule kamili ya onlaini, yaani mtoto haendi darasani kabisa. Hapa niseme haraka kwa sababu wengi wetu haituhusu, lakini kuna wazazi wanavutiwa, hakuna bodingi, hakuna rimu za karatasi na fagio na toileti pepa za kila termu. Swali ni moja tu la kuwauliza, senta namba yenu ya UNEB, baraza la mitihani, ni ipi? Mtihani wa PLE na ule wa S.4, UCE, mtoto anasajiliwa kwenye senta. Na tangu mtaala mpya wa sekondari uliotangulia na S.1 ya 2020, uliofanyiwa UCE ya kwanza 2024, asilimia 20 ya matokeo inatokana na kazi za darasani ambazo walimu wanazirekodi mwaka hadi mwaka, mtihani wa mwisho ni 80. Sasa kama mtoto hana shule inayomtambua, hizo 20 nani atamwandikia? Wakijibu sisi tunafuata Cambridge, ule mtaala wa Uingereza, sawa, ni njia halali kabisa, ila jua ada ya mtihani inapangwa kwa pauni na ukitaka kumrudisha kwenye UCE katikati itakuwa kazi. Wakianza kuzungukazunguka kwenye jibu, funga mfuko.

Kuna na ticha wa kuja nyumbani, ambaye si onlaini lakini pesa yake inatoka mfuko uleule kwahiyo lazima alinganishwe. Mtaani kwetu tumeungana familia tatu, kijana wa chuo anakuja siku tatu kwa wiki kwa saa mbili, watoto saba meza moja. Nikigawa, kwa mtoto mmoja inaniangukia chini ya bando la laivu la wiki hizohizo tatu, na kijana hakatiki sauti. Shuleni wizara imekuwa ikikataza masomo ya holide mara kwa mara kwahiyo msijifanye mmefungua shule, ni watoto wachache wanasaidiwa homuweki.

Sasa nyumbani kwangu nimepangaje. Wa P.3 hapati simu kabisa, huyo ni kusoma hadithi kwa sauti mi nikipima unga, na redio. Mtoto wa umri ule kwenye laivu anaangalia uso wake mwenyewe kwenye skrini saa nzima, nimemwona. Wa P.6 ni WhatsApp ya usiku na yule kijana, na pasti pepa, yaani mitihani ya miaka ya nyuma, nazichapisha pale stejini kwa karatasi, maana PLE mwakani ataandika kwa kalamu siyo kwa kidole. Wa S.3 yuko bodingi, termu nzima hagusi simu kwahiyo onlaini kwake ni ya holide tu, huyo nimempa vilivyorekodiwa vya hesabu na kemia, na laivu mara moja tu kwa wiki, Jumamosi saa mbili unusu usiku nikishafunga, kikundi cha watoto sita na ticha wao. Hiyo laivu nailipia na sijutii, ni saa moja na simu iko huru. Intaneti nyingine anatumia kutafuta mambo ya projekti yao, hizi projekti za mtaala mpya zinataka mtoto atoke atafute, hazitaki kukariri.

Na kama una hela ya kitu kimoja tu, usilipe kifurushi cha Zoom cha shule. Nunua simu ya pili, kuukuu, hata skrini iwe na ufa pembeni, usiiwekee laini, weka memori kadi ya giga 32 na hedifoni. Yangu nimeipata kwa fundi pale Katwe, betri ikichajiwa inapata joto kidogo lakini inafanya kazi, na haina PIN ya mtu, haina mteja, haipigiwi. Watoto wanaiita ticha mkuu.

Karatasi ya holide hii imekuja wiki iliyopita, laivu saa tatu hadi sita kama kawaida yao, nimeibana kwenye daftari la madeni. Nimempigia ticha wa hesabu wa P.6 nikamwambia ticha mi saa hizo siwezi, lakini kama utaweza kunirekodia somo hata kwa simu tu, kalamu na karatasi, nitakulipa sawa na wa laivu. Juzi usiku kanitumia ya kwanza, dakika kumi na mbili, mkono wake na karatasi tu, kuku anawika nyuma. Theluthi na robo tena. Mtoto kaiangalia mara tatu, ya tatu anasimamisha mwenyewe kabla ticha hajasema jibu.